Usituambie ni Bidii Tu: Wafini na Wachina wa Marekani



Kuna mjadala mmoja haukauki mitandaoni. Mtu anaweka jedwali la mapato ya jamii za wahamiaji kule Marekani, anazipanga kama timu za ligi, halafu anashusha hukumu: hawa wako juu kwa sababu ya utamaduni wao, wale wako chini kwa sababu ni wavivu. Wachina huwekwa karibu na kilele. Wafini, yaani wale wenye asili ya Ufini, nao wako pazuri ila hakuna anayejisumbua kuwataja. Watu wanasambaza, wanapongeza, mada inafungwa.

Mimi nasema mada ndiyo kwanza ifunguliwe. Na tuifungue kwa hizo hizo jamii mbili, Wafini na Wachina, kwa sababu kuna wakati serikali ya Marekani yenyewe ilijaribu kuwatia kwenye kapu moja. Yaliyofuata baada ya hapo yanafundisha kuliko jedwali lolote.

Mwaka 1908, katika mji wa Duluth, jimbo la Minnesota, mhamiaji mmoja kutoka Ufini aitwaye John Svan alijikuta mbele ya jaji. Hakuiba, hakupiga mtu. Aliomba uraia, yeye na wenzake 16. Mwendesha mashtaka wa serikali, John Sweet, akapinga. Hoja yake ilikuwa kwamba Wafini si weupe, bali asili yao ni "Wamongoli", jina ambalo siku hizo walibandikwa watu wa Asia ya Mashariki. Na sheria ya uraia ya Marekani, tangu 1790, ilisema mgeni anayeweza kuwa raia ni mtu huru mweupe. Mwaka 1870 wakaongezwa watu wa asili ya Afrika. Mchina hakuwemo. Kwa hiyo, kama Mfini ni ndugu wa Mchina, naye pia arudi nyuma.

Na kesi hii haikuanguka kutoka mbinguni. Ilikuja miezi michache tu baada ya mgomo mkubwa wa 1907 kwenye machimbo ya chuma ya Mesabi, huko huko Minnesota, ambapo Wafini walikuwa mstari wa mbele. Unganisha mwenyewe.

Jaji William Cant akakataa hoja hiyo. Alisema hata kama mababu wa kale wa Wafini walitoka huko Asia, kwa sasa wao ni miongoni mwa watu weupe kabisa wa Ulaya. Svan na wenzake wakapata njia ya kuwa raia.

Hebu simama hapo kidogo. Jaji hakusema kwamba ni dhulma kumnyima mtu uraia kwa rangi yake. Alichosema ni kwamba Wafini wako upande wa ndani wa mstari. Mstari wenyewe haukuguswa. Mchina aliachwa nje, na akakaa nje miaka mingine 35, mpaka 1943, wakati Marekani ilipomhitaji China kama mwenzake wa vita dhidi ya Japani. Na hata hapo mlango ulifunguliwa ufa tu: nafasi 105 kwa mwaka, kwa Wachina wa dunia nzima.

Sasa utauliza, uraia unaleta unga nyumbani? Ndiyo. Unaleta unga, unaleta shamba, unaleta hata watoto. Wacha nieleze moja moja.

Tuanze na ardhi. Sheria ya mashamba ya 1862 ilimpa mtu hadi ekari 160 za ardhi ya serikali, akae alime miaka mitano iwe yake. Sharti: awe raia, au awe ametangaza rasmi nia ya kuwa raia. Mfini angeweza kutangaza nia hiyo. Kwa hiyo wakati kampuni za migodi zilipowafukuza Wafini baada ya mgomo wa 1907 na kuweka majina yao kwenye orodha nyeusi, wengi walihamia porini kaskazini mwa Minnesota, Michigan na Wisconsin. Wengine walichukua ardhi kwa sheria hiyo, wengine walinunua kwa bei poa mahali ambapo miti ilikuwa imeshakatwa. Ilikuwa ardhi ya visiki, mawe na theluji. Lakini ilikuwa yao. Mtu akishakuwa na kipande chake cha ardhi, mwajiri hawezi kumnyamazisha kwa njaa kirahisi.

Mchina je? Hawezi kuwa raia, kwa hiyo hata hiyo nia hana pa kuitangazia. Na mwaka 1913 California ikapitisha sheria kwamba "wageni wasioweza kuwa raia" hawaruhusiwi kumiliki ardhi ya kilimo. Angalia ujanja wa maneno. Hakuna kabila lililotajwa. Sheria ililenga hasa wakulima wa Kijapani, lakini Mchina naye alinaswa na wavu ule ule. Ubaguzi ukiandikwa kwa lugha ya adabu hauachi kuwa ubaguzi.

Tuje kwenye familia. Wafini walikuja wanaume na wanawake. Wasichana wengi wa Kifini walifanya kazi za nyumbani kwa matajiri, wakaolewa, wakazaa, na watoto wao wakaingia shule za serikali bila mtu kuwauliza swali. Wachina walifungiwa mapema. Sheria ya 1875 ilitumiwa kuwazuia wanawake wa Kichina wasiingie, kisha ile ya 1882 ikapiga marufuku vibarua wa Kichina kabisa. Ikaongezwa muda 1892, na 1902 ikafanywa ya kudumu. Matokeo yake? Hesabu ya watu ya 1890 ilikuta Wachina wapatao 107,000 nchini Marekani, na kwa kila mwanamke mmoja walikuwepo wanaume karibu 27. Kufikia 1920 idadi yao ilikuwa imeshuka hadi takriban 61,000. Jamii ilikuwa inazeeka na kufa bila kizazi cha pili. Hapo utazungumzia vipi watoto kupanda ngazi kuliko baba zao, na watoto wenyewe wamezuiwa kuzaliwa?

Kuna na suala la korti. Mwaka 1854 Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba Mchina hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mtu mweupe. Maana yake, mweupe akikuibia dhahabu yako mbele ya Wachina kumi, hakuna shahidi. Mwaka 1885 kule Rock Springs, Wyoming, wachimba makaa weupe waliwavamia wenzao Wachina, wakaua watu 28 na kuchoma makazi yao. Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa. Ndipo ukaona Wachina wamejazana kwenye kazi za dobi na mikahawa. Watu husema ati ni biashara za kwao. Lakini mtu aliyefukuzwa mgodini, akanyimwa shamba, akapigwa vita na vyama vya wafanyakazi viwandani, atafanya nini? Atafua nguo. Kwa kuwa ndiyo kazi iliyobaki.

Sisemi Wafini walibebwa mgongoni. La. Walitoka nchi iliyokuwa chini ya mfalme wa Urusi, wengi wao hawana ardhi, wengine wakikimbia kuandikishwa jeshini. Walioshuka migodini Michigan na Minnesota walikufa kwa kufukiwa na mawe. Mkesha wa Krismasi 1913, mjini Calumet, Michigan, wakati wa mgomo wa wachimba shaba, familia za wagomaji zilikusanyika kwenye sherehe ya watoto katika jumba la Italian Hall. Mtu akapiga kelele kwamba kuna moto. Moto haukuwepo. Watu 73 walikufa kwa kukanyagana kwenye ngazi, wengi wao watoto, na wengi wao Wafini. Na katika miaka ya 1930, wakati uchumi ulipoporomoka, maelfu ya Wafini wa Marekani na Kanada walikata tamaa kiasi cha kufunga virago na kuhamia Karelia, upande wa Sovieti, wakiahidiwa maisha bora. Wengi wao waliishia kwenye misako ya Stalin ya 1937 na 1938. Watu waliofaulu hawafanyi hivyo. Kwa hiyo yeyote anayekwambia Wafini walipanda kwa wepesi, hajui habari zao.

Bidii ilikuwepo pande zote mbili. Hili nataka ulishike vizuri, maana ndipo uongo wa jedwali unapojificha.

Wafini walipoona maduka ya kampuni yanawanyonya, waliunda maduka yao ya ushirika. Mwaka 1917, vyama vyao kadhaa viliungana kule Superior, Wisconsin, vikaanzisha chombo kimoja cha kununua bidhaa kwa jumla. Haba na haba hujaza kibaba. Walikuwa na magazeti yao, kumbi zao, na mwaka 1896 walikuwa wameshafungua chuo chao mjini Hancock, Michigan. Tena karibu wote walifika wakijua kusoma, kwa sababu kule kwao kanisa lilikuwa halimruhusu kijana kuoa kabla hajajua kusoma dini yake. Huo nao ni mtaji, hata kama haukai mfukoni.

Wachina nao hawakukaa wakilia. Walikuwa na "hui", kikundi cha kuchanga na kupokezana pesa, kama chama cha mama zetu: kila mwezi mmoja anapokea, anafungua duka lake la dobi. Na walienda kortini kuliko unavyodhani. Mwaka 1885 wazazi wa msichana Mamie Tape walishinda kesi San Francisco baada ya mtoto wao kukataliwa shuleni. Ila watawala wakajibu kwa kumfungulia shule ya pembeni ya Wachina peke yao. Mwaka 1886 wenye maduka ya dobi walishinda katika Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi ya Yick Wo. San Francisco ilikuwa na sheria ya leseni isiyotaja rangi ya mtu, lakini karibu Wachina 200 walioomba walikataliwa wote, na weupe wapatao 80 wakapewa, isipokuwa mmoja. Mahakama ikasema sheria nzuri kwenye karatasi ikitekelezwa kwa jicho baya ni dhulma. Na 1898 Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa San Francisco na kuzuiwa asirudi nyumbani baada ya safari ya China, alishinda kwa kura 6 kwa 2. Kesi yake ndiyo msingi wa kanuni kwamba anayezaliwa kwenye ardhi ya Marekani ni raia, wazazi wake wawe nani. Mamilioni ya watu wa kila kabila wamefaidika na kesi ya mpishi mmoja.

Sasa niambie: ni nani hapo hakuwa na bidii?

Basi ilikuwaje Wachina wakafika juu ya jedwali? Hapa ndipo wengi wanapotea. Mwaka 1965 Marekani ilibadilisha sheria ya uhamiaji. Ikaondoa mgao wa kizamani uliopendelea Ulaya, ikaweka kipaumbele kwa jamaa wa raia na kwa watu wenye ujuzi. Walioanza kumiminika ni madaktari, wahandisi na wanafunzi wa vyuo vikuu, kwanza kutoka Taiwan na Hong Kong, baadaye China bara. Kwa hiyo sehemu kubwa ya Wachina wa Marekani wa leo si wajukuu wa waliojenga reli mwaka 1869. Ni watu waliofika baada ya 1965 na watoto wao. Wengi walichujwa kwa shahada kabla hawajapanda ndege. Ukichuja watu kwa shahada, kisha ukashangaa kwamba wana shahada, unashangaa kazi ya chujio lako.

Wafini ni kinyume chake. Wengi wao leo ni vitukuu na vilembwe vya wachimba migodi, waliochanganya damu na Waswidi, Wajerumani na wengineo. Wamarekani takriban 650,000 hujitaja kuwa na asili ya Kifini, na wengine kati yao wana bibi mmoja tu wa Kifini na jina la Mäki lililogeuzwa kuwa Hill. Wachina ni zaidi ya milioni 5. Unalinganisha mti wa miaka mia na msitu uliopandwa juzi.

Tazama mfano huu. Eero Saarinen, aliyebuni tao kubwa la St. Louis, alizaliwa Ufini. I. M. Pei, aliyebuni piramidi ya kioo ya Louvre kule Paris, alizaliwa China. Wote wawili walikuwa wasanifu majengo wa Marekani wenye sifa duniani. Babake Saarinen alikuwa msanifu mashuhuri tayari walipohamia 1923. Babake Pei alikuwa mkubwa wa benki, na mwana akaingia Marekani mwaka 1935 kama mwanafunzi, wakati kibarua wa Kichina alikuwa bado amepigwa marufuku. Hawa wawili wanafanana kuliko Saarinen anavyofanana na mchimba shaba wa Calumet, au Pei na dobi wa San Francisco.

Na leo hali ikoje? Jamii zote mbili, ukichukua familia ya katikati, zina kipato juu ya kile cha nchi nzima. Kwa elimu Wachina wametangulia: zaidi ya nusu ya watu wazima wao wana shahada, wakati kwa Marekani yote ni kama theluthi moja. Lakini angalia chini ya zulia. Kiwango cha umaskini cha Wachina hakiko mbali na cha nchi nzima, ingawa wana shahada zaidi. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya neno "Wachina" kuna mhandisi wa California, na kuna muosha vyombo wa New York aliyetoka Fujian kwa deni la wasafirishaji haramu. Mwaka 1993 meli ya Golden Venture ilikwama ufukweni Queens ikiwa na watu 286 wa namna hiyo, na kumi wakafa. Mhandisi na muosha vyombo, ukiwajumlisha ukagawa kwa mbili, unapata mtu ambaye hayupo. Utafiti wa Pew wa 2018 ulionyesha kwamba Waasia ndio wenye pengo kubwa zaidi kati ya tajiri na maskini kuliko kundi lolote kubwa la rangi Marekani. Tena Wachina wengi wanaishi San Francisco na New York, ambako kodi ya nyumba inameza mshahara, wakati Wafini wengi wako Michigan na Minnesota, ambako dola inanunua zaidi.

Kisha kuna kitu ambacho jedwali haliwezi kukipima kabisa. Mfini alipobadilisha jina, aliyeyuka kwenye umati. Mchina wa kizazi cha nne bado anaulizwa, "Lakini wewe hasa umetoka wapi?" Mwaka 1982, karibu na Detroit, kijana wa asili ya Kichina, Vincent Chin, alipigwa hadi kufa na wanaume wawili weupe wakati viwanda vya magari vikilalamikia ushindani wa Japani. Yeye hakuwa hata Mjapani. Jaji aliwapa kipindi cha uangalizi na faini ya dola 3,000 kila mmoja, hawakulala jela kwa hukumu hiyo. Wakati wa korona, 2020, tukaona tena wazee wa Kiasia wakisukumwa na kutemewa mate barabarani. Mwenye kovu usidhani kapoa. Pesa inanunua nyumba, hainunui kuonekana mwenyeji.

Kwa hiyo nini la kushika? Kwamba bidii ni lazima, sibishani. Lakini bidii ni mbegu, na sheria ni udongo. Wafini na Wachina walikuwa na mbegu. Mmoja alipewa udongo wa mawe, mwingine alikatazwa kupanda, na baadaye mlango ukafunguliwa kwa waliokuja na miche yao mkononi. Yule anayekuonyesha mavuno tu, halafu akakuambia ni tabia ya wakulima, ama hajui au anakusudia.

Na mara nyingi anakusudia. Hadithi ya "Mchina wa mfano" ilivuma Marekani miaka ya 1960, wakati ule ule Waamerika weusi walipokuwa wanadai haki zao. Ujumbe ulikuwa: tazameni hawa, hawaandamani, wanafanya kazi tu. Ukweli ni kwamba hawa "wasioandamana" ndio waliokuwa wamefika Mahakama ya Juu miaka 80 kabla, kudai leseni ya dobi.

Ukikutana tena na jedwali la aina hiyo, kabla ya kulisambaza uliza: hawa waliingia lini, na nani aliwachagua? Sheria iliwaruhusu kumiliki nini? Wanaishi wapi, na ndani yao nani yuko chini? Kama aliyeliweka hana majibu, basi anachouza ni matusi yaliyovalishwa tarakimu. Mjibu kwa heshima, na umpe habari za Duluth.